Nani Kashona? Wikiendi ya Fundi Cherehani Jijini London

Mpe fundi cherehani gauni lolote, hata la bibi harusi, na kabla hajakwambia limependeza atakuwa ameshalipindua. Anatafuta bitana, anaangalia mishono ilivyofungwa, anatafuta mahali mwenzake alipochoka akaharakisha. Ndiyo maana makumbusho ya nguo hututesa sisi watu wa kazi hii. Nguo imesimama nyuma ya kioo, taa hafifu, upande mmoja tu ndio unaoonekana, na kibao kidogo kinamtaja mbunifu, mwaka, na pengine tajiri aliyeivaa. Aliyeishona hatajwi.

Mimi ni fundi wa Ngamiani, Tanga. Nilipokwenda Uingereza kumwona mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nilimwambia mapema asihangaike kunipeleka kwenye saa ya Big Ben wala kwenye kasri la mfalme. Nataka nguo. Akacheka, akasema, "Haya dada, wikiendi hii ni nguo mpaka uombe maji."

Tulianza Ijumaa jioni kwenye Makumbusho ya Victoria na Albert, ambayo kila mtu pale huyaita V&A. Ijumaa ni siku nzuri kwa mtu anayefika akitokea kazini au safarini, maana hayafungwi mpaka saa nne usiku. Yalianzishwa 1852, mwaka mmoja baada ya Maonyesho Makuu ya London, kwa nia ya kuwaonyesha watu wa viwandani na raia wa kawaida kitu kilichotengenezwa vizuri kinafananaje. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni maonyesho ya muda, na hayo ukate tiketi mapema. Mdogo wangu aliliona lile la mitindo ya Afrika lililofunguliwa Julai 2022 na kufungwa Aprili 2023, lenye kazi za watu kama Shade Thomas-Fahm wa Nigeria na Kofi Ansah wa Ghana, mpaka Moshions ya Rwanda. Mimi niliambulia picha za kwenye simu yake.

Lakini bure ile ilinitosha. Katika vyumba vya Uingereza kuna gauni la miaka ya 1740 lililoshonwa kwa ajili ya kuingilia ikulu. Ni hariri nyekundu, sketi imetanuka kushoto na kulia kiasi kwamba mvaaji ilimbidi apite mlangoni kiubavuubavu. Juu yake pametariziwa mti mkubwa wenye matawi na maua, wote kwa uzi wa fedha, na fedha hiyo peke yake ina uzito wa karibu kilo nne na nusu. Nilisimama nikipiga hesabu ya mabega ya yule mama, kisha ya macho ya waliotarizi. Ndipo nikasoma kilichonifurahisha kuliko vyote: kwenye ule mkia unaoburuzwa nyuma pameandikwa majina. Magd. Giles anathibitisha kwamba kazi ameipokea kutoka kwa Madame Leconte. Basi. Stakabadhi tu, kama ile ninayomwandikia mteja kwenye daftari. Lakini kwa stakabadhi hiyo tunawajua wanawake wawili wa kazi ile, karibu miaka mia tatu baadaye, wakati wenzao wengi wa zama hizo wamepotea.

Kutoka hapo tukaingia chumba cha sanaa za nchi za Kiislamu, ambako limelazwa zulia la Ardabil. Lina urefu wa mita kumi na nusu na upana wa zaidi ya mita tano, limefumwa Uajemi, na katika kila mraba wa sentimita kumi kwa kumi yamo mafundo kama 5,300. Makumbusho yalilinunua 1893 kwa pauni 2,000, baada ya William Morris, msanii wa vitambaa, kushauri lisikose kununuliwa. Mwishoni mwa zulia kuna maandishi yenye mwaka wa Hijria 946, yaani 1539 au 1540, na jina la Maqsud wa Kashan. Huyo yumkini alikuwa msimamizi wa kazi, kwa sababu zulia la ukubwa ule halifumwi na jozi moja ya mikono. Nikamwambia mdogo wangu: unaona, hata pale jina linapoandikwa, la msimamizi ndilo linaloingia.

Tulikaa kwenye benchi kusubiri taa. Zulia hilo huwashiwa taa dakika kumi tu kila saa na kila nusu saa. Wageni wengine walinung'unika, lakini mtu aliyewahi kuanika kanga juani kutwa anaelewa. Mwanga huchuja rangi na hukausha nyuzi mpaka zikatike, na madhara yake hayarudi nyuma: kila saa ya mwanga huongezwa juu ya iliyotangulia. Kwa hiyo nguo za makumbusho huoneshwa kwenye giza la nusunusu, na nyingi hupumzishwa baada ya miezi kadhaa. Jambo jingine nililolipenda: pale nguo haipunguzwi wala haitanuliwi ili imwenee sanamu. Sanamu ndiyo inayojazwa au kupunguzwa mpaka iienee nguo. Wateja wangu wangekuwa hivyo, ningekuwa tajiri.

Jumamosi ndiyo siku niliyoijia London, ingawa sikuijua kabla. Huko Stratford, mashariki mwa jiji, katika eneo lililojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, V&A walifungua ghala lao kwa umma tarehe 31 Mei 2025. Ghala kweli, lenye rafu za chuma mpaka juu, na ndani yake vitu zaidi ya robo milioni. Kuingia ni bure, na mtu yeyote, si lazima profesa, anaweza kuchagua kwenye orodha yao ya intaneti vitu visivyozidi vitano, akaomba siku, vikatolewa akavitazama karibu. Unatakiwa kuomba wiki mbili kabla. Mdogo wangu alikuwa ameshaomba kimyakimya.

Miongoni mwa vilivyoombwa sana tangu wafungue ni gauni la jioni la waridi la Cristóbal Balenciaga la mwaka 1954. Balenciaga namheshimu kuliko wabunifu wengine wote wa Paris, kwa sababu moja: alikuwa mtoto wa mshonaji, katika mji mdogo wa wavuvi huko Hispania, na alijua kukata na kushona kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wa koti ukimkera, aliufumua akaupachika upya. Sisi tuliomba gauni jingine la Paris la miaka hiyohiyo, pamoja na kizibao cha mwanamume cha karne ya 18.

Mhudumu alilifunua gauni mezani taratibu, nikamwomba anionyeshe ndani. Jamani! Nje lilikuwa laini kama halina mshono. Ndani kulikuwa na nyumba nzima: mkanda wa kubana kiuno ambao haujulikani kabisa kwa nje, ili uzito ukae kiunoni usivute mabegani, na kingo za kitambaa zimezungushiwa uzi kwa mkono, sindano kwa sindano, ambako mimi ningepitisha mashine mara moja nikaendelea na maisha. Mahali pamoja chini ya kwapa hatua za sindano zilikuwa pana kidogo kuliko kwingine. Nikamwonyesha mdogo wangu. "Hapa aliitwa kula," nikasema. Mhudumu akauliza tunacheka nini, akatafsiriwa, naye akacheka.

Kizibao nacho kilinifundisha ujanja wa mabwana. Mbele hariri, maua yametariziwa mpaka kwenye vifungo. Nyuma kitambaa duni cheupe, kwa kuwa juu yake huvaliwa koti na hakuna atakayeona. Na tarizi zile zilifanywa kwanza kwenye hariri bapa, umbo la kizibao likiwa limeshachorwa. Mnunuzi alichukua kipande hicho akampelekea fundi wake amkatie kwa kipimo chake. Kwa hiyo nguo moja ilipita kwa mfumaji, mtarizi na mshonaji, na pengine hao watatu hawakukutana hata siku moja.

Bermondsey, kusini mwa mto Thames, tulipita haraka. Kuna Makumbusho ya Mitindo na Vitambaa yaliyoanzishwa na mbunifu Zandra Rhodes mwaka 2003, jengo la rangi ya chungwa na waridi lililochorwa na Ricardo Legorreta wa Meksiko. Huwezi kulikosa hata ukiwa umesinzia. Ni madogo, yana kiingilio, na hufungwa kati ya onyesho moja na jingine, basi angalia tarehe kabla ya kupanda treni.

Jumapili tulitembea Spitalfields kwa miguu. Hapa walikimbilia Waprotestanti wa Ufaransa baada ya mfalme wao kufuta haki zao za dini 1685, wakaja na ujuzi wa kufuma hariri. Inua macho utaona dari za juu zenye madirisha mapana: ndiko kulikokaa mitambo ya kufumia, ikitafuta mwanga. Kwenye kona ya Princelet Street ipo nyumba aliyoishi Anna Maria Garthwaite, mwanamke aliyechora nakshi za hariri, aliyefariki 1763. Michoro yake kwa mamia imehifadhiwa V&A, na kwenye mingi kati yake aliandika jina la aliyeuziwa mchoro ule, mara nyingi mfumaji. Mama yule kwangu ni shujaa. Angeweza kujiandika peke yake.

Hatua chache kutoka hapo, Brick Lane, lipo jengo lililojengwa 1743 kuwa kanisa la hao Wafaransa, likawa sinagogi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabengali. Kila jamii iliyohamia mtaa huu ilikuta kazi ya sindano ikiisubiri. Mbele kidogo, Wentworth Street, kwenye soko la Petticoat Lane, maduka ya vitenge yamepangana. Ukitaka kununua pindua kitambaa: cha nta halisi rangi hupenya pande zote mbili, cha kuchapwa tu huwa kimepauka nyuma. Soma na ukingo wake, maana kiwanda huandika jina lake pale. Bei utapatana mwenyewe.

Tulimalizia Makumbusho ya Uingereza, kwenye vyumba vya Afrika vya ghorofa ya chini. Watu walijazana mbele ya kazi ya El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria: shuka la kiume lililounganishwa kwa waya wa shaba kutokana na vipande vya bati vya kufunikia chupa za pombe, kama kente iliyofuliwa kwa dhahabu. Mimi nikatafuta kanga, nikaikuta imetandazwa ukutani, pindo, mji na jina lake. Kibao kilifasiri jina hilo kwa Kiingereza, kikaeleza huvaliwaje na huzawadiwa nani. Kazi nzuri, nisiseme uongo. Lakini nani aliichora ile?

Kwenye kanga zetu huwepo jina la mwenye mali, kama lile la Mali ya Abdulla la Mombasa ambalo kila mama wa pwani analijua. Wachoraji wenyewe, wale waliokaa na kalamu wakiamua mkorosho uende hivi na kona ikae vile, hawajaandikwa popote pembeni ya nguo.

"Si umtafute mmoja, dada," mdogo wangu akasema, "kuliko kunilalamikia mimi."

Yupo. Jirani wa shangazi yetu kule Ubungo alichora kanga miaka mingi kwenye kiwanda cha Urafiki, kile kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na shangazi anasema karatasi zake bado anazo, zimo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikitua Dar es Salaam nitapitia kwake kabla ya kupanda basi la Tanga.