Kukadiria Mwanga wa Picha (3): Jua la Utosini Kajiado

Juma lililopita tuliichambua kanuni waliyoturithisha wapiga picha wa zama za filamu: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi f/16, kisha kasi ya shata ilingane na namba ya ISO, ISO 100, basi sehemu moja ya mia ya sekunde. Kanuni hiyo ni ya kweli Kitengela kama ilivyo London. Walakini wake ni kwamba hupima jua, haipimi uso wa mtu, na mchana wa kwetu huvitenga viwili hivi.

Mji wa Kajiado uko karibu nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, hivyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini, kileleni kabisa karibu saa sita na nusu. Mwanga humiminika juu ya mabati na migongo ya ng'ombe, lakini mashavu huyapitia kwa kuyaparaza tu, na macho huzama gizani. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo, uso ulio wima hupokea nusu ya mwanga wake wa moja kwa moja, yaani hatua moja pungufu. Likifika 80, kama sehemu moja ya sita. Anga na ardhi hufidia kiasi, hasa kwenye weupe wa Ziwa Magadi, kwa hiyo f/11 au f/8 hutosha. Saa kumi jioni, mtu akilielekea jua, rudi f/16.

Atauliza mtu: kipimo cha ndani ya kamera kina kazi gani? Hicho husoma mwanga uliorudishwa na kudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ngozi nyeusi ikijaza picha kitaipausha, kondoo weupe watatoka kijivujivu. Pingamizi lenye uzito ni jingine: ukifungua hadi f/8, anga na vumbi vitaungua, na kilichoungua hakirudishwi kwa kompyuta. Ni kweli. Ndiyo maana adhuhuri ni afadhali kumsogeza mtu kivulini, barazani au chini ya mgunga, kwa f/4, na nyuma yake pawe ukuta ulio kivulini vilevile, si uwanda wa Kapiti. Mawingu ya Julai tutayafikia juma lijalo.