Maiki ya bei mbaya haimnyamazishi jogoo

Siku hizi studio ziko vyumbani. Kompyuta ipo, biti ipo, sauti ya kuimbia ipo. Kinachokosekana ni maiki, na hapo ndipo vijana wengi wanapolizwa. Mtu anabana matumizi miezi kadhaa, anaingia dukani na kuomba "ile kali kuliko zote". Akirekodi, anayesikika vizuri ni jogoo wa jirani!

Msomaji wangu, kabla hujatoa mshiko, tuambiane ukweli.

Maiki za kuimbia zipo za aina kuu mbili. Dainamiki ina koili ya waya inayocheza kwenye sumaku. Ni ngumu, haidai umeme, na ukiiimbia kwa karibu haihangaiki sana na mambo ya mbali. Kondensa ina utando mwepesi mno, inanasa mpaka pumzi, ila nyingi zinataka umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya uleule wa maiki. Chumba kikiwa kimya, kondensa ni tamu. Kikiwa na kuta tupu na kiko kando ya barabara, kamata dainamiki.

Tena usiione dainamiki ni ya wanyonge. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966. Na sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya 1982, fundi Bruce Swedien aliirekodi kwa Shure SM7, dainamiki hiyohiyo. Wewe nani uidharau? Ila macho kodo: SM58 za bandia zipo. Bei ikiwa ya kutupa, ujue kuna namna.

Haya, priampu. Sauti inayotoka kwenye maiki ni ndogo sana, priampu ndiyo inayoikuza. Kile kikasha cha kuunganisha maiki na kompyuta tayari kina priampu ndani, na kwa kuanzia kinatosha. Tatizo ni kwamba maiki kama SM7B hutaka kukuzwa kwa desibeli 60 hivi. Kikasha dhaifu ukikisukuma mpaka mwisho, kinakuletea "shhh" juu ya wimbo. Uliza uwezo wake kabla ya kulipa.

Sasa kazi. Mwimbaji apige ile sehemu ya kupayuka, nawe rekebisha mpaka mita icheze kati ya hasi 12 na hasi 6. Ikigonga sifuri sauti inapasuka, na kuiponya ni kazi. Simama kama shubiri moja kutoka kwenye maiki. Ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti yako inashuka kwa desibeli 6 hivi, lakini feni iko palepale! Ukiibusu, besi inavimba. Soksi nyepesi ya kike ikivutwa kwenye duara la waya inapunguza ile "pu" ya mdomoni.

Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na kuziba mgongo. Basi mgongo wake uelekee dirisha lenye kelele, na nyuma ya mwimbaji simamisha godoro au tundika blanketi zito. Mvua ikipiga bati, pumzikeni.

Ukifanya hayo, chenji itabaki. Mlipe mpiga gitaa wako, anakudai.