Kikwembe cha Nkambo si Kitambaa cha Kupangusia

Katika nyumba nyingi za Kindu, tangu Mikelenge mpaka Alunguli ng'ambo ya mto, kuna sanduku ambalo watoto wanakatazwa kufungua. Ndani hamna pesa. Kuna vikwembe: kile mama alichopewa siku ya mahari, kile jamaa yote ilivaa kwa matanga ya baba, kile cha sikukuu ya bamama wa kanisa, na kimoja kilichochanika. Mtoto akiuliza, «Mama, hii ya kupasuka unaiweka ya nini?» anajibiwa, «Acha, utajua siku moja.»

Shida ni kwamba ile siku moja mara nyingi haifiki. Mama anaondoka, sanduku linafunguliwa, vikwembe vinagawanywa. Kizuri kinavaliwa, kilichochanika kinapangusia meza. Hakuna tena anayejua kilikuwa cha nani.

SISI WATU WA MACHIMBO

Jambo hili latuhusu sana. Jamaa nyingi za Kalima, Kailo na Punia zilikusanywa na kazi ya bati. Wazee walitoka vijiji na kabila mbalimbali, wakaoana kambini, wakazaa huko. Kampuni ya SOMINKI ilianza mwaka 1976, ikaisha 1997. Tena vita vya 1996 na 1998 vikatutawanya. Foto, karte na vyeti vya ubatizo viliungua au vilibaki njiani. Lakini mama aliyekimbilia pori alikuwa amejifunga kikwembe, na mtoto alibebwa ndani ya kikwembe. Ndiyo sababu nguo iliokoka mahali karatasi hazikuokoka.

Kijana asiyejua jamaa yake ilitoka wapi, ni rahisi wengine kumwambia yeye ni nani. Na wanaweza kumwambia uongo.

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Kule Kasai, Wakuba wanafuma nguo za rafia. Wanaume wanafuma, wanawake wanapamba. Katika sketi ndefu za wanawake, vipande vidogo vinashonwa juu ya nguo. Wataalamu wanafikiri desturi hiyo ilianza kwa kuziba matundu, kwa maana rafia hutwangwa ili ilainike, na pengine inatoboka. Kiraka kikageuka pambo. Tena Wakuba humvika marehemu nguo hizo ili wazee waliomtangulia wamtambue.

Kwa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alitumia foto. Alitoa watu katika picha za kale za wakati wa Wabelgiji, wafanyakazi na wakubwa wao, akawaweka juu ya foto alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyoharibika. Kazi hiyo, aliyoimaliza mwaka 2006, aliiita «Mémoire», maana yake kumbukumbu. Ukiitazama, wale waliosahauliwa wanasimama tena mahali walipotoa jasho.

Na Marekani, mwaka 1987, jamaa za watu waliokufa kwa SIDA walishona majina yao juu ya vitambaa, kila kimoja kadiri ya kaburi. Tarehe 11 Oktoba walitandika 1.920 huko Washington. Watu waliozikwa kwa haya wakatajwa mchana kweupe.

Hata Biblia yajua mambo haya. Dorkasi alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro mali yake. Walimwonyesha nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Na Hana alimletea Samweli kanzu ndogo kila mwaka (1 Samweli 2:19). Kila kanzu ilionyesha mtoto amekua namna gani.

VIJANA, FANYENI HIVI

1. Ombeni ruhusa. Mwenye kikwembe ndiye anayesema kipande gani kikatwe. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha.

2. Ulizeni kwanza, shoneni nyuma: «Nkambo, hii ilikuwa ya nani? Aliivaa wapi? Mwaka gani?» Andikeni jibu katika kaye siku ileile. Kama analia au ananyamaza, msimkaze. Mrudi siku nyingine.

3. Shoneni vipande juu ya nguo nzito, na chini ya kila kimoja mwandike jina kwa uzi. Wino unafutika kwa maji.

4. Foto msizibandike zenyewe. Fanyeni fotokopi. Gundi ya unga wa muhogo inaita mende, basi afadhali mshone pembe zake.

5. Msiache mtu. Hapa ndipo kazi inakuwa ngumu. Kuna nyumba zinazoficha kikwembe cha mke wa kwanza, ama jina la mtoto aliyezaliwa nje. Mkimwondoa, mmeshona uongo. Mtoto huyo akiona jina lake katikati ya mengine, atajua yeye ni wa nyumba.

Kazi hii haitaki mashini wala pesa nyingi. Sindano, uzi na uvumilivu vinatosha. Inataka tu ianze wakati mwenye kujua yungali hai.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

– Ni kikwembe gani cha zamani kuliko vyote kwetu, na nani anajua habari yake?
– Ni jina gani tunaogopa kulitaja, na kwa nini?
– Ikiwa tungekimbia usiku wa leo, watoto wetu wangejua ni wa nani?