Desturi za Madarasa ya Yoga kati ya Nairobi na Kalimoni

Studio za yoga jijini Nairobi zimefuata makazi ya wageni. Nyingi ziko Westlands, Parklands, Kilimani, Lavington na Karen, mitaa wanakoishi wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, Wahindi wa tangu zamani na Wakenya wenye kipato kizuri. Ukishika Barabara Kuu ya Thika, ukapita Roysambu na Ruiru, zinaadimika. Mkazi wa Kalimoni, wadi ya eneo bunge la Juja, huwa na zaidi ya kilomita 30 za matatu kabla ya kukanyaga sakafu ya studio, na safari hiyo ilipata nafuu barabara ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012.

Juja nayo ina wageni wake. Chuo Kikuu cha JKUAT ni mwenyeji wa PAUSTI, taasisi ya Umoja wa Afrika inayopokea wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka pande zote za bara. Asiye na nauli ya kwenda mjini kila wiki hutandika mkeka ndani ya bedsita, kwenye nafasi finyu iliyobaki kati ya kitanda na mtungi wa gesi, akamfuata mwalimu wa kwenye simu. Mwili hufaidi, ila upweke wa ugenini hubaki palepale.

Yoga iliingia Kenya kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Wahindi. Ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, ulileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao, lakini wafanyabiashara waliendelea kuja, na reli ilipofika Thika mwaka 1913 maduka yao yaliifuata. Kwa baadhi ya jamii hizo, kutuliza pumzi na kukaa kimya ni sehemu ya ibada na malezi, si bidhaa. Mpaka leo shirika la kiroho la Brahma Kumaris, Parklands, hufundisha kutafakari bila kuitisha ada, na mwanafunzi huweza kukaa kitini tu, asijikunje hata kidogo. Mgeni anayetafuta jasho atatoka hapo akishangaa.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Mmarekani, Paige Elenson. Akiwa matembezini Kenya mwaka 2006 aliwaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Africa Yoga Project, uliowafunza vijana wa mitaa kama Kibera na Mathare kuwa walimu wanaolipwa. Darasa lake la bure la Jumamosi lilijulikana sana lilipofanyika Sarakasi Dome, Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan. Hapo ndipo uhusiano wa kawaida ulipogeuzwa: mgeni mwenye gari alikaa chini, kijana wa mtaani akamfundisha kupumua.

Adabu za studio hazitofautiani sana. Viatu huachwa mlangoni, simu hunyamazishwa, na mkeka wa kukodi hupanguswa kabla ya kurudishwa. Mwalimu mwema huuliza kabla ya kumgusa mtu ili kumnyoosha. Mwishoni wote hulala chali, macho yamefumbwa, viganja vikitazama juu. Anayekunja mkeka na kuondoka wakati huo huonekana hana adabu, hata awe anawahi matatu. Kisha viganja huunganishwa kifuani na watu kuagana. Desturi ya maana zaidi huja baada ya hapo, kwenye chai, ambapo nyumba za kupanga, daktari wa meno na fundi anayeaminika hupatikana kwa kuulizana. Kwa sababu hiyo wageni wazoefu hulipia darasa moja moja katika studio kadhaa kabla ya kununua tikiti ya mwezi: wanachagua watu kuliko mikao.

Wapo Wakristo wanaoiogopa yoga wakiiona kuwa ibada ya miungu mingine. Barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu sala haikuipiga marufuku. Ilionya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio sala yenyewe. Katika sehemu yenye misheni ya Kikatoliki kama Kalimoni, baadhi ya washiriki huona ni rahisi kusema wanaenda mazoezini. Huko Shela, Lamu, penye Waislamu wengi na ambako tamasha la yoga lilianza 2014, suala huwa ni mavazi: wageni huombwa kujisitiri wakitoka ukumbini.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio la Desemba 2014. Kila mwaka ubalozi wa India jijini Nairobi huandaa mazoezi ya hadhara, na mgeni asiyejua studio hata moja huweza kuanzia hapo.