Je, Wajua? Baiti 446 Zinazoamsha Kompyuta Kuukuu

Je, wajua kwamba kompyuta kuukuu ya steshenari pale Kasulu, ukibonyeza swichi, inaanzia kwenye kijiprogramu kisichozidi baiti 446? Ndiyo, 446! Meseji moja ya simu hubeba baiti 140, kwa hiyo hapo pana meseji tatu na ushee tu. Kijiprogramu hicho ndiyo hatua ya kwanza ya butiloda, yaani programu inayoamsha mfumo wa kompyuta, na bila butiloda mfumo wako wa Linux hauamki.

Sikia na hii: sekta nzima anamokaa mdogo huyo ina baiti 512. Jedwali la mgawanyo wa diski limechukua 64, na mbili za mwisho ni muhuri, 55 na AA. Ufute muhuri huo uone: BIOS nyingi, yaani programu za kuwashia zilizomo ndani ya mashine, zitaipita diski yako kana kwamba haina kitu!

Sasa niulize: butiloda ya GRUB 2, yenye menyu na mapambo yote yale, inaeneaje humo? Haienei! Inaweka mguu mmoja tu ndani, mwili unajibanza kwenye nafasi iliyo wazi kabla ya mgawo wa kwanza wa diski. Kwenye diski za zamani nafasi hiyo ni sekta 62, karibu KB 31.

Je, wajua kwamba LILO, butiloda iliyoanzishwa na Werner Almesberger mwaka 1992, huandika jina lake herufi moja moja, na kila herufi ni hatua iliyovukwa? Ikiganda kwenye LI, fundi anajua kabisa ni hatua ipi imekwama. Kompyuta inataja ugonjwa wake kwa herufi mbili! Ila kaa chonjo: ukibadilisha kerneli, yaani kiini cha Linux, usipoiendesha LILO upya, mashine inaweza isiwake. Uendelezaji wake ulikoma Desemba 2015.

Tuje Kibondo. Umepata kompyuta ya mtumba, flashi unayo, lakini BIOS haijui kuwasha kwa flashi, na menyu yake haina hata neno USB. Unaitupa? Thubutu! Ipo Plop, butiloda inayokuja na dereva wake yenyewe wa USB. Unaichoma kwenye sidii au hata kwenye floppy, unawashia hapo, nayo inaishika flashi na kuendelea na safari. Mashine ambayo watengenezaji hawakuipa uwezo huo inaupata leo, bure, bila kufunguliwa hata skrubu moja. Mimi hili hunisisimua kuliko yote.

Na Syslinux ya H. Peter Anvin, ya tangu 1994? Inakaa kwenye flashi ya kawaida ya FAT. Flashi hiyo hiyo inawasha Linux asubuhi, mchana unabebea barua za mteja kwenye Windows! Toleo lake rasmi la 6.03 ni la mwaka 2014, na bado linapiga kazi. Kwa kompyuta ya BIOS, ushauri wangu ni huu: flashi ipe Syslinux, diski yenye mifumo miwili ipe GRUB.

Umeme je? Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya dizeli hadi kuingia miaka ya 2020, na wewe unajua umeme unavyokatika katikati ya kazi. Basi sikia: Puppy Linux, iliyotolewa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, hujipakia yote kwenye RAM. Mfumo wenyewe ni faili la kusomwa tu, umeme ukikatika haliguswi. Utapoteza ulichokuwa hujahifadhi, basi. Jina? La mbwa wake, chihuahua mdogo!

Windows 11 inadai RAM ya GB 4. Linux iitwayo antiX inaridhika na MB 512, yaani moja ya nane! Na Linux iitwayo Tiny Core, pamoja na madirisha yake, faili lake la kupakua halifiki hata MB 30.

Wajua kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili? Mwaka 2004, ndugu yangu!

Na wajua kwamba Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386, na Desemba 2012 yeye mwenyewe akapokea mabadiliko ya kuiondoa 386 kwenye kerneli?

Shika kiti kwa hii ya mwisho. Mwaka 2015 watafiti wa Valencia, Hispania, waligundua kuwa nenosiri la GRUB 2 linarukwa kwa kubonyeza kitufe cha kufuta (Backspace) mara 28. Mara 28, uko ndani! Dawa ilitoka Desemba hiyo hiyo, kwa hiyo kama GRUB yako ni ya kabla ya hapo, isasishe leo.