Msamaha wa Mfalme katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe: Uingereza, 1642–1660

Katika vita baina ya dola mbili, mfalme hana msamaha wa kumpa askari wa adui. Aweza kumpa amani, yaani ahadi ya kwamba hatadhuriwa akiweka silaha chini. Aweza kumfanya mateka, na baadaye kumwachilia kwa fidia. Kumsamehe hawezi, kwa kuwa askari yule hakumkosea: alikuwa akimtumikia bwana wake mwenyewe. Msamaha wahitaji kwanza kuwa mwenye kusamehewa alikuwa chini ya utii wa mwenye kusamehe, kisha akautoka. Ndiyo sababu mahali pake hasa ni vita vya ndani ya nchi moja, na ndiyo sababu huko huzua ugomvi wa namna yake. Maana anayeupokea amekwisha kukiri kosa.

Kiswahili kina maneno ya kuyatenga mambo haya. Amani, kwa asili yake ya Kiarabu, amān, ni dhamana ya usalama, na katika sheria ya vita ya Kiislamu ni dhamana apewayo adui, pasipo kuulizwa kama alikuwa na haki ya kupigana au hakuwa nayo. Katika Kiswahili maana imepanuka hata ikawa hali yote ya utulivu, lakini ile ya kwanza haijapotea. Msamaha ni jambo jingine: hauwezi kutajwa bila kosa kutajwa pamoja nao. Maghufira aghalabu hubaki kwa Mwenyezi Mungu. Na fitina, ambalo kwa Waarabu hutumika pia kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, pwani limesinyaa likawa uchongezi wa jirani kwa jirani. Mfasiri wa habari za vita vya Uingereza vya karne ya 17 hana budi kuyapima maneno haya, kwani watu wa wakati ule walikuwa tayari kufa kwa ajili ya tofauti iliyomo ndani yake.

Charles wa Kwanza alisimamisha bendera yake ya vita huko Nottingham tarehe 22 Agosti, 1642. Bunge lilikuwa limekwisha kumweka Robert Devereux, Earl wa Essex, awe jemadari wake. Lakini Bunge halikusema kwamba lapigana na Mfalme. Lilisema kwamba lapigana kwa ajili ya Mfalme na Bunge, ili kumwokoa Mfalme katika mikono ya washauri waovu. Askari wa Essex aliambiwa, basi, kuwa yeye ni mtumishi wa Mfalme, japo risasi zake zilielekea pale aliposimama Mfalme. Dai hili laweza kuchekesha leo. Siku zile lilikuwa nguzo ya jeshi zima. Sheria ya nchi ilisema kwamba kumfanyia mfalme vita katika ufalme wake ni uhaini, na adhabu ya uhaini ni kifo. Mkulima au fundi aliyechukua mkuki alitaka kujua mapema upande gani wa sheria ile amesimama.

Tarehe 23 Oktoba, majeshi mawili, kila moja lenye watu zaidi ya 12,000, yalikutana Edgehill katika jimbo la Warwickshire. Walipigana mpaka giza likaingia, asiwepo mshindi wa dhahiri. Kesho yake pande zote mbili zilikuwa zimechoka, baridi imewapiga usiku kucha, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuanza upya. Ndipo Mfalme alipomtuma Sir William Le Neve, mmoja wa watangazaji wake wakuu, mwenye cheo cha Clarenceux, aende kwa jeshi la Essex na ilani ya msamaha kwa kila atakayeweka silaha chini.

Habari ya ujumbe huu yasimuliwa na Edward Hyde, ambaye baadaye alikuwa Earl wa Clarendon. Yeye alikuwa mtu wa Mfalme, na historia yake yafaa isomwe kwa tahadhari hiyo. Lakini katika jambo hili hana sababu kubwa ya kuzua. Asema kwamba walinzi wa nje walimpokea Le Neve na kumpeleka kwa Essex kwa uangalifu mkali, asipate kusema lolote njiani. Alipotaka kuisoma ilani kwa sauti, wasikie waliokuwapo, Essex alimkaripia na kumwonya kwamba, kama apenda uhai wake, asithubutu kunena neno na askari. Akaulizwa maswali machache, akarudishwa chini ya ulinzi bila jibu.

Katika habari nyingi za vita tukio hili hupewa mstari mmoja, nalo lastahili zaidi. Essex hakuikataa ilani. Aliizuia isisikike, na mbiu isiyosikika si mbiu. Alijua vema kwamba hatari haikuwa katika idadi ya watu ambao wangetoroka siku ile. Hatari ilikuwa katika neno lenyewe. Kama askari wangemsikia mtangazaji wa Mfalme, amevaa joho la cheo chake, akiwaita kusamehewa kwa jina la Mfalme, basi wangejua kutoka kinywa cha Mfalme kwamba yeye hawahesabu kuwa watumishi wake bali waasi. Mfalme naye, kwa upande wake, hangeweza kuwapa amani tupu bila msamaha, maana kwa kufanya hivyo angalikubali kwamba wale ni adui wa haki, wenye mamlaka yao wenyewe juu yao.

Mfalme alijaribu tena njia hii mara nyingine kadhaa. Palipofaa mapatano ya kijeshi, mambo yalikwenda kwa wepesi zaidi. Huko Lostwithiel, mwezi wa Septemba 1644, askari wa miguu wa Essex wapatao 6,000 walisalimu silaha zao wakaruhusiwa kwenda zao, bila kutakiwa kukiri kosa. Waliporwa njiani, wengi wakateseka kwa njaa na mvua. Lakini waliobaki walipewa silaha mpya, na mwishoni mwa Oktoba wengine wao walikuwa wakipigana tena huko Newbury.

Walioshinda hawakuepukana na swali lile. Vita vilipokwisha mwaka 1646, askari wa Bunge walianza kushtakiwa mahakamani kwa mambo waliyoyatenda vitani, hata kwa farasi waliowachukua. Katika ombi lao la Machi 1647 walitaka sheria ya kuwakinga, na zaidi walitaka Mfalme aombwe kuipa idhini yake. Watu waliomshinda Mfalme kwa upanga bado waliona kwamba kinga isiyo na idhini yake yaweza kuvunjika siku yoyote. Bunge likawakemea waliohusika na ombi lile na kuwaita adui wa dola.

Charles alikatwa kichwa tarehe 30 Januari, 1649. Mwanawe, Charles wa Pili, alipokuwa akijiandaa kurudi, alitoa tamko huko Breda tarehe 4 Aprili, 1660, la kuwasamehe wote watakaoudai msamaha katika siku 40, isipokuwa wale ambao Bunge litawatoa. Sheria iliyofuata, ya Agosti mwaka ule, iliamuru makosa yasahauliwe pia. Miongoni mwa waliotolewa katika msamaha alikuwamo Daniel Axtell, mkuu wa askari waliolinda mahakama iliyomhukumu Mfalme. Katika kesi yake alijitetea kwamba yeye alikuwa askari chini ya amri ya Bunge, kwa mamlaka yale yale aliyokuwa nayo Essex kabla yake. Mahakama haikukubali, akanyongwa Tyburn tarehe 19 Oktoba, 1660.