Mtoto Anakataa Mboga, Nyanya Anataka Chumvi: Tufanye Nini?



Katika kuwatembelea watu manyumbani nimeona kwamba ugomvi mwingi huanzia jikoni. Siku moja niliitwa kwa boma moja kupatanisha watu. Mke wa kijana wa boma alikuwa amefunga nguo zake tayari kurudi kwao. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa amechapwa na babake kwa kukataa managu, akalia mpaka akatapika. Jioni hiyo hiyo nyanya naye alisukuma sahani kando akasema, "Hata mimi siwezi kula hii. Huyu msichana anataka nife njaa. Chakula chake hakina chumvi."

Yule mama aliniuliza, "Mwalimu, nimepika sufuria moja. Mtoto anasema ni chungu, mama mkwe anasema haina ladha, na bwana yangu anasema iko sawa. Nani anadanganya?"

Hakuna aliyekuwa akidanganya. Ulimi wa binadamu hubadilika tangu anapozaliwa mpaka anapozeeka. Tukielewa jambo hili tutapunguza viboko na maneno makali wakati wa kula.

Ulimi wa mtoto

Mtoto mchanga huzaliwa akipenda utamu na akikataa uchungu. Maziwa ya mama ni matamu, na vitu vingi vya sumu huko msituni ni vichungu. Kwa hivyo ulimi wa mtoto ni kama askari mlangoni. Uchungu ambao wewe husikii sana, yeye anausikia zaidi.

Kisha, kati ya miaka 2 na 6, watoto wengi huanza kuogopa chakula wasichokijua. Hata yule aliyekuwa akila kila kitu akiwa na miezi 9 anaweza kuanza kuchagua. Huu ndio umri ambao mtoto anatembea mwenyewe na anaweza kuokota chochote na kutia mdomoni. Woga huo unamlinda. Kwa wengi hupungua pole pole wakiendelea kukua.

Pia wamama wengi hushtuka kuona mtoto wa mwaka na nusu amepunguza kula. Fikirieni hivi: mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 au 10 akitimiza mwaka 1. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 na nusu tu. Mwendo wa kukua umepungua, na hamu ya chakula pia imepungua.

Mbona watoto wa nyumba moja hawafanani?

Mwaka 1931, huko Marekani, mwanakemia Arthur Fox alikuwa akifanya kazi na unga fulani ukapeperuka hewani. Mwenzake alilalamika kwamba ni mchungu sana. Fox mwenyewe hakusikia chochote. Baadaye wataalamu waligundua kwamba tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Basi usimwambie mtoto, "Mbona ndugu yako anakula?" Huenda ndugu yake hasikii uchungu ule anaousikia yeye.

Kumlazimisha kunasaidia?

Wengine wetu husema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo ni ya kweli katika mambo ya tabia. Lakini mtoto aliyechapwa kwa sababu ya managu hajifunzi kupenda managu. Anajifunza kwamba managu na kiboko huja pamoja, na wengine huchukia chakula hicho hata wakiwa watu wazima. Kuahidi pia kuna hasara. Ukisema, "Maliza mboga nikupe soda," umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ni zawadi.

Jaribuni njia hizi:

1. Mpe kidogo, tena na tena. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea. Sisi huchoka mara ya tatu au ya nne tukasema, "Huyu hapendi." Weka kijiko kimoja kando ya chakula anachokipenda. Akikataa, nyamaza, halafu ujaribu siku nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Kuleni pamoja. Mtoto huamini kile anachomwona babake na mamake wakikila. Baba akisema, "Mimi sili majani," msishangae kijana wake akisema hivyo hivyo.

3. Punguzeni uchungu. Wazee wetu walijua kazi hii. Chinsaga ya Wakisii, dek ya Wajaluo na saget ya Wakalenjin ni mboga moja, na kote huko hupikwa kwa maziwa ili ilainike. Managu pia unaweza kuchanganya na terere au kunde.

4. Msimjaze tumbo mapema. Mtoto aliyepewa chai ya sukari na mandazi saa kumi na moja hatakuwa na njaa saa moja ya usiku.

5. Anzeni mapema. Ladha ya chakula anachokula mama hufika kwa mtoto tumboni, na baadaye kwa maziwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa waja wazito au wakinyonyesha, walikubali uji wenye karoti kwa urahisi zaidi. Kwa hivyo mama mja mzito anayekula mboga za kienyeji ameanza kumfundisha mtoto. Mtoto mwenyewe anyonye tu mpaka miezi 6, ndipo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Ulimi wa mzee

Sasa turudi kwa nyanya. Kazi kubwa ya ladha hufanywa na pua. Si mnajua ukiwa na mafua chakula huwa kama karatasi? Mtu akizeeka, pua na ulimi hupunguza nguvu. Meno nayo yametoka, mate yamepungua, na baadhi ya dawa hubadilisha ladha mdomoni. Mzee anasema kweli kwamba hasikii chumvi. Ila anadhani kosa ni la mpishi.

Tusikimbilie kuongeza chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na wazee wengi wana shida ya presha. Ongezeni kitunguu, dhania, tangawizi au limau. Pondeni chakula kiwe laini, na mpeni kikiwa na moto wa kadiri ili harufu itoke. Na habari njema kwa wenye presha ni kwamba ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya miezi 2 au 3 ulimi huzoea.

Wakati si mchezo

Kuchagua chakula ni kawaida, lakini kukataa kila chakula si kawaida. Mpeleke mtoto zahanati ikiwa uzito haupandi kwa kijitabu cha kliniki, ana homa, anaharisha, ana vidonda mdomoni, miguu imevimba, au anakula udongo, maana huenda amepungukiwa na damu. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni onyo, na chini ya 11.5 ni hatari, apelekwe siku hiyo hiyo. Mzee anayekonda au anayeshindwa kumeza naye apelekwe, wala msiseme ni uzee tu.

Katika lile boma tuliketi chini ya mti tukaongea. Nyanya alicheka alipojua kwamba ulimi wake ndio umezeeka. Walikubaliana chakula chake kitiwe limau na dhania baada ya kupakuliwa, na mtoto apewe kijiko kimoja cha managu ya maziwa bila kelele. Baba aliahidi kuacha kiboko. Niliporudi baada ya miezi miwili, mtoto alikuwa akila vijiko vitatu. Si vingi. Lakini mamake alikuwa bado yuko pale, na nguo zake zilikuwa kwa kamba zikikauka.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni chakula gani ulikichukia ukiwa mtoto na sasa unakipenda? Ni nini kilikubadilisha?
2. Wazee wetu walipunguza vipi uchungu wa mboga? Nani anaweza kutuonyesha siku ya mkutano ujao?
3. Katika kijiji chetu kuna mzee anayekula peke yake? Tutamsaidia vipi?